Amana ya Njiani: Marafiki na Safari ya Desemba

Safari ya Desemba imekuwa desturi ya vijana wa Kahawa Wendani, sawa na wenzao wengi wanaoishi kando ya barabara kuu ya Thika. Mtaa huu wa Ruiru, katika kaunti ya Kiambu, uko jirani na Chuo Kikuu cha Kenyatta, na wakazi wake wengi ni wapangaji: wanafunzi, wahitimu wanaotafuta kazi, walimu, wauguzi, mafundi na makarani wanaodamkia Nairobi kila siku. Wametoka kaunti mbalimbali, na aghalabu hawana ukoo wao hapa. Walio nao ni marafiki. Mwaka unapoelekea ukingoni, watano au sita kati yao hufungua kundi la WhatsApp, huchanga pesa kwa M-Pesa, hukodi gari na kushika njia ya Naivasha, ya Nanyuki au ya Pwani.

Safari hiyo huzungumzwa kama burudani tu, na burudani ni haki ya mtu aliyefanya kazi mwaka mzima. Hata hivyo ina maswali mawili ambayo dini na falsafa zimeyashughulikia tangu zamani. La kwanza ni kama mtu ana ruhusa ya kuwapa marafiki siku ambazo mila inawatengea wazazi. La pili ni kile wanachodaiana marafiki hao wakishafunga milango ya gari na kuondoka. La kwanza hujadiliwa sana, mara nyingi kwa simu, kati ya mama na mwanawe. La pili ni zito zaidi na karibu halijadiliwi kabisa.

Kenya haina majira ya baridi mwezi wa Desemba. Pwani ndiyo kwanza kaskazi inavuma na jua ni kali, shule zimefungwa, na kati ya Jamhuri tarehe 12 na Mwaka Mpya kazi nyingi hupungua. Mila imezitia siku hizo mkononi mwa ushago. Magari ya kwenda Magharibi, Nyanza, Ukambani na Mlima Kenya hujaa, nauli hupanda, na nyumba za kupanga za Wendani hubaki na kufuli. Anayechagua bahari badala ya boma la babake huonekana ameutupa ukoo. Lawama hiyo si ya kupuuzwa. Mzazi mwenye miaka 75 hana Desemba nyingi zilizobaki, na Qurani, katika sura ya Al-Israa, inaweka wema kwa wazazi mara tu baada ya amri ya kumwabudu Mungu mmoja. Biblia nayo imeiweka heshima ya baba na mama ndani ya zile amri kumi.

Wala hili si jambo la Waafrika peke yao. Nchini Japani, ambako mwisho wa mwaka ni wakati wa theluji katika mikoa mingi, watu hufunga ofisi na kurudi kwa wazazi wao, kisha katika siku za kwanza za Januari huenda hekaluni kwa ziara ya kwanza ya mwaka, inayoitwa hatsumode. Vijana wa huko pia hupanga safari za milimani na marafiki, nao hulazimika kuzigawa siku hizo chache kati ya pande mbili. Jamii zisizofanana kwa hali ya hewa, dini wala lugha zimewatengea wazazi siku zile zile. Ni vigumu basi kusema kwamba dai la wazazi ni ushamba utakaopotea na maendeleo.

Kosa huanza pale dai hilo linapogeuzwa kuwa hoja kwamba rafiki ni mtu wa daraja la chini, kwa kuwa damu ni nzito kuliko maji. Lugha yenyewe ina methali inayojibu: undugu ni kufaana, si kufanana. Historia ya barabara ya kwenda Pwani inaiunga mkono methali ya pili. Katika nusu ya kwanza ya karne ya 19, Wakamba walikuwa mabingwa wa misafara ya pembe za ndovu kati ya bara na Mombasa. Mtu aliyevuka nyika hakuweza kutegemea ukoo wake, kwa sababu ukoo ulibaki nyuma. Ndiyo maana katika sehemu nyingi za Afrika Mashariki watu walichanjiana: waliingia udugu kwa kuchanja ngozi na kubadilishana damu, na tangu siku hiyo aliyekuwa mgeni akawa na haki za ndugu, za kulindwa, kulishwa na kulipiwa kisasi. Wagikuyu walikuwa na riika, rika la waliotahiriwa pamoja, ambalo liliwaunganisha watu wa koo tofauti kwa wajibu uliodumu maisha yote. Jomo Kenyatta alilieleza kwa kirefu katika kitabu chake cha mwaka 1938. Wazee hao hao ambao leo wanatajwa kuthibitisha kwamba damu inatosha, walijua kwamba damu haitoshi.

Uzito wa udugu wa njiani unaonekana katika kisa cha mwaka 1851. Mmisionari Johann Ludwig Krapf, aliyekuwa na makao yake Rabai, alisafiri na Kivoi, mfanyabiashara na kiongozi mashuhuri wa Ukambani, kuelekea mto Tana. Wanyang'anyi waliushambulia msafara, Kivoi akauawa, na Krapf akatangatanga porini peke yake kwa njaa na kiu. Aliporudi kwa jamaa za Kivoi hakupokewa kwa pole. Walimtwika lawama ya kifo hicho, naye akalazimika kutoroka usiku ili kuokoa maisha yake. Kwa macho ya leo hukumu hiyo ni ya kikatili, kwa maana Krapf hakumuua mtu. Lakini nyuma yake kuna imani inayostahili kusikilizwa: anayetoka na mwenzake anatakiwa arudi naye, na akirudi peke yake ana la kujibu.

Injili ya Luka ina kisa cha msafara ambacho wahubiri hukitumia kueleza hekima ya Yesu akiwa na miaka 12, na mara chache hukitazama kama kisa cha safari. Mariamu na Yusufu walitoka Yerusalemu baada ya sikukuu, wakaenda mwendo wa siku nzima bila mtoto, wakidhani yumo katika msafara, ndipo wakamtafuta kwa jamaa zao na kwa watu wanaofahamiana nao. Hawakuwa wazazi wazembe. Walisafiri katika kundi ambamo ndugu na rafiki walichanganyika, na kila mtu mzima alihesabiwa kuwa mlinzi wa kila mtoto. John Mbiti, mwanatheolojia aliyezaliwa Kitui mwaka 1931, alijenga sehemu kubwa ya maelezo yake ya maisha ya Kiafrika juu ya wazo la aina hiyo: mtu yupo kwa sababu wengine wapo. Wasomaji wengi huchukulia kwamba wengine hao ni ukoo. Kwa mpangaji wa Wendani aliyeugua usiku, akapelekwa hospitali na jirani wa mlango wa pili, wengine hao ni wale walio karibu.

Swali la kwanza basi lina jibu la wastani. Mzazi anadai kuonwa, kusikilizwa na kutunzwa, na deni hilo halifutwi na safari yoyote. Lakini si lazima lilipwe tarehe 25. Anayekwenda ushago kwanza na kuungana na wenzake tarehe 27 amewatendea haki wote. Anayemdanganya mama kwamba yuko zamu kazini, na huku picha zake za ufukwe wa Diani zimeenea, amekosa kwa uongo wake, wala si kwa safari yake.

Swali la pili linahitaji kutazamwa kwa utulivu zaidi. Aristotle aligawa urafiki katika aina tatu: wa faida, wa starehe na wa wema. Aliona kwamba urafiki wa vijana kwa kawaida ni wa starehe, hufungwa haraka na kufunguka haraka, na kwamba watu hawajuani mpaka wamekula chumvi nyingi pamoja. Kundi la safari ya Desemba huanzia katika aina hiyo ya pili. Wamekutana kwenye mpira, kwenye kwaya, darasani au kazini, na wanapatana kwa sababu wanafurahishana. Kisha wanaingia barabarani, na hali inabadilika bila wao kutangaza lolote. Kwa saa nane au zaidi uhai wa watu sita umo mikononi na machoni mwa mmoja. Akiba ya wote imo katika simu ya mwingine. Anayeugua, anayeogopa maji, anayelewa vibaya, anayelia usiku kwa sababu ya jambo lililompata mwezi Agosti, wote wanaonekana. Starehe ndiyo iliyowaleta, lakini wanachobebeana sasa ni amana, na amana ina sheria zake hata pale ambapo waliokabidhiana hawakuwa wamefikiria hivyo.

Wanazuoni wa Kiislamu waliliona jambo hili mapema. Inasimuliwa kwamba Khalifa Umar bin Khattab alimuuliza mtu aliyemsifu mwenzake kama amewahi kuwa jirani yake, kama wamefanya biashara ya fedha, na kama wamesafiri pamoja. Alipokana yote, Umar akamwambia kwamba hamjui. Al-Ghazali, aliyefariki mwaka 1111, alitenga kitabu kizima ndani ya utungo wake mkuu, Ihya, kwa adabu za safari na kingine kwa haki za udugu na usuhuba. Katika kitabu cha usuhuba, haki ya rafiki inagusa mali, nafsi, ulimi na moyo: kumsaidia kabla hajaomba, kuzificha aibu zake, kumnasihi faraghani, kumsamehe anapoteleza. Vitabu hivyo viwili vikisomwa kwa pamoja, inakuwa wazi kwamba barabara ni mahali ambapo haki hizo zote hudaiwa kwa siku chache mfululizo.

Mafundisho ya Mtume Muhammad kuhusu safari yana agizo ambalo kundi lolote, la dini yoyote, lingefaidika nalo: watu watatu wakisafiri, wamteue mmoja wao awe kiongozi. Katika majahazi ya Pwani nahodha alikuwa na kauli ya mwisho, na hakuna abiria aliyejadiliana naye kuhusu tanga wakati wa dhoruba. Marafiki wa leo huona aibu kuteuana. Wanasema wote ni sawa, na kwa kuwa wote ni sawa hakuna anayeamua saa ya kuondoka, hakuna anayehesabu pesa, na hakuna mwenye mamlaka ya kusema gari lisimame. Usawa wa namna hiyo huishia kumpa madaraka yule mwenye sauti kubwa kuliko wenzake. Kiongozi aliyechaguliwa anaweza kuulizwa. Huyu aliyejitokeza tu haulizwi na mtu.

Agizo hilo linagusa moja kwa moja uhai na mauti. Kwa miaka ya karibuni, zaidi ya watu 4,000 wamekufa kila mwaka katika barabara za Kenya. Njia ya kutoka Nairobi hadi Mombasa ina karibu kilomita 480, na kwa sehemu kubwa ni njia mbili tu, moja ya kwenda na moja ya kurudi, ambamo magari madogo hupishana na malori ya bandarini. Kutoka Wendani, wengi hupitia Ruiru, huingia Eastern Bypass pale Kamakis, na kutokea barabara ya Mombasa. Makundi mengi hupenda kuondoka usiku ili wapambazukiwe baharini. Dereva huwa ameshinda kazini. Ikifika Mtito Andei, karibu nusu ya njia, muziki uko juu, nusu ya abiria wamelala, na aliye macho kiti cha mbele anaona kope za rafiki yake zikishuka, asiseme neno.

Kunyamaza huko ndiko kiini cha suala lote. Augustino, askofu wa Hippo katika Afrika ya Kaskazini, aliandika katika Maungamo yake juu ya usiku alipoiba mapeasi pamoja na wenzake akiwa kijana. Hawakuwa na njaa. Baada ya miaka mingi bado alijiuliza kwa nini alifanya vile, na jibu alilolipata ni kwamba peke yake asingefanya. Mbele ya wenzake aliona haya kuonekana ana haya. Urafiki wenyewe ndio uliompoteza. Abiria anayeshindwa kumwambia dereva "simama, nipe ufunguo" yuko katika hali ile ile. Angemwambia dereva wa matatu asiyemjua, tena kwa ukali. Kwa rafiki anaogopa kuharibu furaha, na hofu hiyo ndogo inaweza kuua watu sita. Adabu ya kweli ya usuhuba ni kinyume chake: nasaha ni haki ya rafiki, na anayeificha amemnyima mwenzake kitu anachomdai.

Wakristo wengi huanza safari kwa maombi, wakiomba gari na barabara vifunikwe kwa damu ya Yesu. Waislamu husoma dua ya safari wakipanda chombo. Nchini Japani, mahekalu ya Kibuddha ya Kawasaki Daishi na Naritasan hubariki magari, na madereva hununua hirizi ya usalama barabarani na kuitundika garini. Desturi hizi si za kudharauliwa. Anayeomba kabla ya kuwasha gari amekiri kwamba uhai wa walio ndani si mali yake, na kukiri huko ni mwanzo wa uangalifu. Shida ni maombi yanapochukua nafasi ya uangalifu. Dini zote mbili kuu za Kenya zimelikataa hilo waziwazi. Bedui aliyetaka kumwacha ngamia wake bila kumfunga kwa kumtegemea Mungu aliambiwa na Mtume amfunge kwanza, kisha ategemee. Katika Injili ya Mathayo, Yesu aliposhawishiwa ajitupe kutoka kinara cha hekalu kwa kuwa malaika wangemdaka, alikataa kwa sababu huko ni kumjaribu Mungu. Kuendesha gari kwa kilomita 140 kwa saa na tairi zilizoisha, ukiwa umeshaomba, ni kujitupa kutoka kinara kile kile.

Amana ya safari haiishii ndani ya gari. Watu wa Wendani wanalijua hili kuliko wengi, kwa kuwa wao wenyewe huishi kando ya barabara ya njia nane iliyofunguliwa rasmi na Rais Mwai Kibaki mwezi Novemba 2012. Barabara hiyo ilifupisha safari ya mjini, na pia iliua wengi waliovuka kwa miguu, hasa kabla watu hawajazoea kutumia madaraja ya juu. Miezi 11 ya mwaka mkazi wa Wendani ni yule anayengoja pembeni, akihesabu mwendo wa magari ya watu asiowajua. Desemba yeye ndiye mwenye gari, na wanaongoja pembeni ya barabara ya Mombasa ni watoto wa Emali, wachuuzi wa vitunguu na matunda, wachungaji wa Maungu. Hakuna anayejua vizuri zaidi yake wanachokihofia.

Barabara hiyo hiyo ina vituo viwili vinavyofundisha jambo hilo kwa vitendo. Makindu kuna hekalu la Masingasinga lililojengwa mwaka 1926 na watu waliofika nchini kwa kazi ya reli. Msafiri yeyote, awe wa dini gani, hula hapo bila malipo, akivua viatu na kufunika kichwa, na akichelewa hupewa mahali pa kulala. Chakula hicho cha pamoja, langar, kilianzishwa na Guru Nanak, mwasisi wa dini yao, ambaye alizunguka nchi nyingi akiwa na Mardana, mwanamuziki Mwislamu aliyekuwa mwandani wake. Mbele zaidi, Mackinnon Road, upo msikiti wenye kaburi la Sayyid Baghali Shah, ambaye inasimuliwa alikuwa mfanyakazi wa reli, na kwamba karai la kokoto lilielea juu ya kichwa chake badala ya kumlemea. Waislamu na wasio Waislamu husimama hapo kuombea safari na kutoa sadaka. Watu walioacha nyumba hizi njiani walikuwa wenyewe wageni, mbali na ndugu zao, katika nchi ya simba na malaria. Qurani inamtaja msafiri aliyekwama miongoni mwa makundi manane yanayostahili zaka, hata kama ana mali kwao, kwa sababu njiani mali ya nyumbani haimsaidii. Kundi la marafiki linalosimama Makindu, likala, likapiga picha na kuondoka bila kuacha chochote wala kumtazama aliyewapakulia, limekula chakula na kuliacha somo.

Safari ikishaisha, haki za usuhuba zinaendelea. Aliyeonekana amelewa ufukweni hapaswi kuwa kichekesho cha kundi mwezi Februari. Picha za mwenzako ni siri yake mpaka aseme vingine. Aliyetunza mchango atoe hesabu bila kuombwa, kwa shilingi na senti, na aliyekopeshwa nauli ya kurudi alipe kabla karo ya Januari haijawa kisingizio. Makundi mengi huvunjika kwa mambo haya madogo kuliko kwa ugomvi mkubwa.

Anabaki mtu mmoja ambaye karibu kila kundi linaye, na hatajwi: yule aliyeshindwa kuchanga. Hutoka kimyakimya katika kundi la WhatsApp, husema ana shughuli ya familia, na hushinda Desemba chumbani huku wenzake wakituma picha. Kwa kipimo cha faida na starehe hana dai lolote. Kwa kipimo cha amana analo, kwa kuwa urafiki haukuanza siku ya mchango. Wenzake wanaweza kumlipia, ikiwa wanaweza kufanya hivyo bila kumwaibisha. Wasipoweza, wabadilishe njia. Fourteen Falls, kwenye mto Athi, iko karibu na Thika kwa upande wa barabara ya Garissa, na kutoka Wendani watu huenda na kurudi siku hiyo hiyo bila kukodi chumba. Kundi likiwa na pesa za kuwafikisha watano Diani au sita Fourteen Falls, na liende Fourteen Falls.